Mazungumzo ya Juma: Ndugu wa Damu, Bendera Mbili

Wasomaji wetu wa Kiptere na sehemu nyingine za Kericho hawana haja ya kufundishwa sifa za mbio. Mtu wa Kericho, marehemu Wilson Kiprugut Chumo, ndiye aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, kule Tokyo mwaka 1964. Tangu hapo wazazi wengi, wamwonapo kijana wao akikimbia kando ya mashamba ya chai, hujiuliza kama naye atafika mbali. Juma hili twauliza jambo jingine: akifika, nduguye atakuwa wapi?

Itazameni nyumba moja ya Keiyo. Mwaka 1999 Christopher Kosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kuruka viunzi na maji, akiiwakilisha Kenya. Mwaka 2003 mdogo wake, Stephen Cherono, alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio hizo hizo mjini Paris. Ndugu yao Abraham Cherono alikimbia naye siku ile, amevaa nguo za Kenya. Magazeti yalieleza kwamba hakumpongeza mshindi. Mwaka 2004 Shaheen aliweka rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2023, lakini Olimpiki ya Athens ilimpita, maana Kenya haikutoa idhini.

Sisi hatumhukumu mtu. Kutafuta riziki si kosa, wala kuipenda bendera si kosa. Tunaloliogopa katika nyumba zetu ni kunyamaza. Mmoja huchuma chai ili mwenziwe apate viatu vya mbio, wala hapana asemaye kama ni deni au ni zawadi. Fedha zijapo, mmoja hungoja shukrani, na mwingine hudhani anaombwa. Baba hunyamaza asije akaonekana ana upendeleo. Mama hunyamaza asije akauamsha ugomvi.

Wahenga walisema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini ndugu walionyamaziana hata mzee wa kuwasuluhisha hana pa kuanzia, kwa kuwa hakuna neno lililotamkwa.

Basi, kabla kijana hajatia sahihi karatasi yoyote, jamaa wote na waketi pamoja, wayataje waziwazi mambo matatu: fedha, shamba na jina la nyumba. Mbio zile za Paris zilikwisha kwa dakika nane tu. Undugu ni wa maisha.