Aliyelipa Asinyimwe Kurekodi

Ni ajabu ya sheria za zama zetu kwamba mtu aliyetazama televisheni ya bure, kwa antena iliyosimikwa juu ya paa la nyumba yake, alitambuliwa haki ambayo mtoto wake, alipaye ujira kila mwezi kwa televisheni ya mtandaoni, hana njia ya kuitumia. Na ajabu hiyo haikuletwa na mahakama iliyokaa ikapima madai ya pande mbili, bali iliingia kimyakimya, kwa njia ya kufuli.

Haki yenyewe ilipatikana kwa taabu. Mwaka 1976 kampuni za Universal na Walt Disney ziliishtaki Sony mjini Los Angeles, kwa hoja kwamba deki yake ya Betamax, iliyomwezesha mtu kunasa kipindi cha usiku akakitazama kesho yake, ilikuwa chombo cha wizi, na kwamba mwenye kuiunda na kuiuza alishiriki kosa la kila mnunuzi. Sony ilishinda mwaka 1979, ikashindwa katika rufaa mwaka 1981, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako lilisikilizwa mara mbili kabla ya hukumu kutolewa tarehe 17 Januari 1984, majaji watano wakiwa upande mmoja na wanne upande wa pili. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika kwa niaba ya wale watano, alisema kuwa kurekodi kipindi kirushwacho bure, kwa nia ya kukitazama nyumbani katika saa imfaayo mtu, ni matumizi ya haki, na kwamba chombo chenye manufaa makubwa ya halali hakiharamishwi kwa sababu wapo wanaokitumia vibaya. Miongoni mwa ushahidi alioutaja ni ule wa Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, ambaye hakuona ubaya wowote familia kurekodi kipindi chake ili wakitazame pamoja. Studio zilizolalamika hazikufilisika. Zilikuja kuchuma fedha tele kwa kaseti za deki zilezile.

Mawakili wa studio watasema, nao watasema kweli, kwamba hukumu ile ilihusu matangazo ya bure tu. Walakini ni insafu gani inayompa asiyelipa haki kubwa kuliko alipaye? Na kwa hakika kizuizi cha leo si maneno ya hukumu. Filamu za mtandaoni husafirishwa zikiwa zimefumbwa, hata anayejaribu kurekodi skrini ya kompyuta yake aghalabu huambulia weusi mtupu. Na sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1998 imeharamisha kuvunja kufuli hilo, bila ya kuuliza kwanza kama kunakili kilichofungiwa kungekuwa halali kwa mvunjaji. Msamaha hutolewa kila baada ya miaka mitatu kwa makundi machache, lakini maombi ya watu waliotaka kuhamisha filamu zao kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa matumizi yao wenyewe, yalikataliwa mwaka 2012 na tena mwaka 2015.

Sisemi kwamba wenye kazi hawana haki. Mtu alipaye mwezi mmoja, akajaza filamu mia katika kompyuta yake, kisha akavunja mkataba, amechukua zaidi ya alicholipia. Na auzaye nakala barabarani hana cha kujitetea. Lakini kinga ya hayo ni kuwekea haki mipaka, kwa mfano kwamba nakala ni ya nyumbani na muda wake ni muda wa usajili, wala si kuifuta haki yenyewe kwa kila mtu kwa hofu ya wachache.

Tena wenye mali si walinzi wema wa mali yao nyakati zote. Tamthilia ya Willow ilianza kuonyeshwa na Disney mtandaoni Novemba 2022, ikaondolewa Mei 2023, na aliyeipenda hakuwa na diski ya kununua mahali pake. Disney hiyohiyo, ikumbukwe, ndiyo iliyokwenda mahakamani mwaka 1976. BBC nayo ilifuta kanda za sehemu nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960. Na ikiwa leo sauti za sehemu zote zilizopotea zinasikika, shukrani ni kwa watazamaji waliozirekodi majumbani mwao, bila ya kutumwa na yeyote.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataja matumizi binafsi miongoni mwa matumizi ya haki yasiyohitaji idhini ya mwenye kazi, na sheria hiyohiyo inaharamisha kuvunja kinga ya kiufundi, ikawa mkono mmoja unatoa na mwingine unapokonya. Wabunge watakapoifungua tena, naomba waongeze sentensi moja: kwamba avunjaye kufuli ili kutumia haki aliyopewa na sheria hii, nyumbani mwake na bila ya biashara, hana kosa.