Pambizo Nyeupe na Macho ya Mgonjwa

Slaidi za mafunzo aghalabu huishia kuchapwa na kubandikwa ukutani kliniki. Hapo mama mwenye mtoto anayeharisha husogeza uso asome kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Maandishi ni madogo, ilhali karatasi ina nafasi tele tupu.

Chanzo ni umbo. Slaidi za siku hizi zina uwiano wa 16 kwa 9. Karatasi ya A4 ni milimita 297 kwa 210. Slaidi ikijaza upana wote, kimo chake hufika milimita 167 tu, na moja ya tano ya karatasi hupotea. Wapo wanaokimbilia uchapaji usio na pambizo. Siwaungi mkono. Printa nyingi za ofisini hazichapi hadi ukingoni, na zile ziwezazo hukuza picha kidogo na kukata kingo zake. Kipimo cha dawa kikikatwa tarakimu moja, heri pambizo.

Mwandalizi aweke ukubwa wa slaidi kabla ya kuandika neno la kwanza: sentimita 29.7 kwa 21, aziandike mwenyewe, kwani chaguo liitwalo A4 katika PowerPoint ni dogo kuliko karatasi yenyewe. Usuli uwe mweupe, ukingo usiochapika usionekane. Tena wino huokoka. Slaidi sita katika ukurasa mmoja wabaki nazo wanafunzi. Mgonjwa apewe moja, ukurasa mzima.