Nusu Saa ya Nani?

Katika vikao vya mipango husemwa mara nyingi kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mafia ni nusu saa tu. Maneno hayo ni kweli. Baina ya kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere na kile cha Kilindoni, kwa mstari ulionyooka, hapafiki kilomita 130, na ndege ndogo huzimaliza kwa dakika 30 hivi. Lakini sisi twauliza: nusu saa hiyo ni ya nani?

Mwananchi wa Mafia asiye na nauli ya ndege huvuka bahari hadi Nyamisati kwa saa nne au zaidi, kisha akashika barabara ya Bungu hadi Dar es Salaam. Safari hiyo ni ya kutwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi kwa anga, na ndege kubwa huenda kwa saa moja na nusu. Basi kwa mwenye tiketi, Mwanza ni karibu kuliko Kilindoni ilivyo kwa mvuvi. Umbali haupimwi kwa rula juu ya ramani. Hupimwa kwa chombo alichonacho msafiri.

Ndugu zetu wa Delta ya Rufiji, huko Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi, hata hiyo nusu saa hawanayo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mchukwi hutegemea mtumbwi au mashua, na chombo hutegemea maji. Maji yakipwa, chombo hupwelewa katikati ya mikoko. Na mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kuuambia ungoje maji yajae.

Hatusemi kwamba ndege ni anasa. Kiwanja cha Kilindoni kilipotiwa lami tulifurahi, na Serikali iliposhusha majini kivuko cha MV Kilindoni kwa ajili ya njia ya Nyamisati, ilitenda jambo la kushukuriwa. Tunachotaka ni kwamba mipango ya visiwa ihesabu saa za wengi, si dakika za wachache.

Kwanza, ratiba ya vyombo itangazwe mapema, kwa kufuata bamvua na maji mafu, na mabasi ya Nyamisati yapangwe kukutana nayo. Pili, boti za wagonjwa katika Delta ziwe na mafuta na nahodha usiku na mchana. Tatu, kiongozi anayekuja kukagua visiwa aje walau mara moja kwa njia ya Nyamisati, akae juu ya mizigo pamoja na wananchi, atazame saa yake.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo, apitaye angani hayajui maji yaliyopwa.