UCHAMBUZI: Ardhi ni ile ile, Eastlands yazidi kufurika

JIJI la Nairobi halijapata ardhi mpya ya kutajika tangu mwaka 1963, ilhali idadi ya wakazi wake imekuwa ikipanda katika kila sensa. Mzigo wa hali hiyo umeangukia zaidi mitaa ya Eastlands, na jinsi ukubwa wa jiji unavyopimwa na kutangazwa imesaidia kuuficha.

Serikali ya kikoloni ilipoweka mipaka ya kwanza mwaka 1900, Nairobi ilikuwa duara la nusu kipenyo cha maili moja unusu, yaani takriban kilomita 18 za mraba. Mnamo 1927 mipaka ilipanuliwa hadi karibu kilomita 77 za mraba. Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka 1963, ilisongezwa tena hadi karibu kilomita 690 za mraba, na Embakasi, Kasarani na Dagoretti zikawa sehemu ya jiji.

Kabla ya hapo, Waafrika walikuwa wamesukumwa mashariki mwa reli na kituo cha biashara, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati. Baada ya uhuru jiji liliendelea kujaza upande huo huo: Buruburu, Umoja na Dandora zilijengwa miaka ya sabini, kisha Kayole ikafuata.

Sensa ya 1969 ilihesabu wakazi 509,286. Ile ya 2019 ilipata 4,397,073, zaidi ya mara nane, ndani ya mipaka ile ile. Kwa wastani, hao ni watu 6,247 katika kila kilomita ya mraba.

Hata hivyo, wastani huo haumwelezi mkazi wa Eastlands lolote la maana. Kwa mujibu wa sensa hiyo ya 2019, Kaunti Ndogo ya Mathare ilikuwa na watu 68,941 katika kila kilomita ya mraba. Kamukunji walikuwa zaidi ya 25,000 na Makadara zaidi ya 16,000. Lang'ata walikuwa 911 pekee, kwa kuwa ukubwa wake unajumuisha Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na yenye kilomita 117 za mraba. Mbuga hiyo ikiondolewa katika hesabu, wastani wa jiji zima unapanda hadi karibu watu 7,500. Simba hahitaji bomba la majitaka, lakini ardhi yake huhesabiwa pamoja na ya mpangaji wa Mathare.

Isitoshe, kipimo chenyewe hakijatulia. Takwimu za sensa ya 2009 ziliipa Nairobi takriban kilomita 695 za mraba. Zile za 2019 zikaipa 703.9. Katiba, katika kifungu cha 188, hairuhusu mipaka ya kaunti kubadilishwa bila pendekezo la tume huru na kuungwa mkono na thuluthi mbili katika mabunge yote mawili. Hatua hiyo haikuchukuliwa katika kipindi hicho. Kwa hivyo nyongeza hiyo ya karibu kilomita tisa si ardhi mpya, bali ni zao la upimaji. Nayo ni karibu mara tatu ya eneo lote la Mathare, ambalo ni kilomita tatu tu.

Suala hili linagusa mfuko wa umma. Katika fomula ya kwanza ya ugavi wa fedha za kaunti, ukubwa wa ardhi ulipewa uzito wa asilimia 8 na idadi ya watu asilimia 45. Fomula ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano mkali, iliuacha uzito wa ardhi katika asilimia 8, huku idadi ya watu ikipewa asilimia 18 peke yake na sehemu nyingine ikigawanywa kwa vigezo vya huduma kama vile afya na kilimo.

Mgala muue na haki yake mpe: kaunti kubwa kama Turkana na Marsabit zina hoja, kwani kufikisha dawa au maji mbali kunagharimu. Lakini msongamano nao una gharama zake. Katika Umoja na Dandora, ploti zilizokusudiwa familia moja zimeota maghorofa ya vyumba vya kupanga, ilhali barabara na mitaro ilipangiwa watu wachache zaidi.

Aidha, jiji halisi limevuka mstari wa ramani. Githurai 44 iko Nairobi na Githurai 45 iko Kiambu, ilhali wakazi wa pande zote mbili hupanda matatu kwenda kazini.

Mjadala huu una uzito wa pekee wakati huu ambapo nyumba kuukuu za Eastlands zinalengwa kubomolewa ili maghorofa yachukue nafasi yake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya arubaini, ilipangwa ikiwa na viwanja vya wazi katikati ya nyumba. Anayetazama ramani pekee ataviona kuwa ardhi isiyotumika. Mkazi anajua ndipo watoto wanapocheza na ndipo matanga hufanyika.

Kabla ya ghorofa lolote kuidhinishwa, wapangaji wa jiji wanapaswa kutangaza kwa kila wadi ukubwa wa ardhi inayokalika na idadi ya watu watakaoishi juu yake. Pasipo takwimu hizo, Eastlands itazidi kupangiwa huduma kwa wastani usioihusu.