Jiwe Halimfunzi Mbwa Adabu

Katika mitaa ya Kuze, kama ilivyo Makadara na Kibokoni, mnyama mwenye haki ya mwenyeji ni paka. Hulala barazani, hutupiwa vichwa vya samaki, wala hapana amfukuzaye. Mbwa ni mgeni tu. Akitokea kichochoroni watoto huokota mawe, na watu wazima walioketi barazani hutazama wakacheka. Siku mbwa yule yule akimwuma mtoto, mtaa mzima husema: mbwa huyu mkali, na auawe!

Lakini ukali huo ameupata wapi? Wahenga walinena kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hufuata mwendo wa wale anaoishi kati yao, na wakati wake mkubwa wa kuwazoea watu ni baina ya wiki ya 3 na ya 14 tangu kuzaliwa. Kitoto cha mbwa ambacho siku hizo hakikupata kwa binadamu ila mateke na mawe, hukua kikiamini kwamba kila mkono unaoinuka una jiwe. Tena vichochoro vyetu ni vyembamba. Mbwa akizibwa mbele na nyuma hana pa kukimbilia, na mnyama asiye na pa kukimbilia hutumia meno. Hiyo ni hofu, si uovu.

Kadhalika yuko mbwa wa ulinzi, afungwaye mnyororo mfupi mchana kutwa, kisha akipigwa kwa sababu anabweka. Kunguruma, kulaza masikio na kufyata mkia ndiyo maneno yake ya kusema, “Usinikaribie.” Apigwaye kwa kunguruma huacha kunguruma, lakini haachi kuogopa, siku nyingine huuma bila ya kuonya.

Wako watakaouliza: mbwa ni najisi, vipi tumhurumie? Sisi wafuasi wa Imamu Shafii twaijua hukumu: palipoingia mate yake huoshwa mara 7, moja yao kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, si ruhusa ya kutesa. Na mbwa mkavu akipita karibu na nguo kavu hainajisiki. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Aidha Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na mbwa ni miongoni mwao. Basi mbwa hufundishika, nasi hatuna udhuru wa kusema kwamba fimbo ndiyo lugha pekee aijuayo.

Hata hivyo huruma si uzembe. Kichaa cha mbwa kipo, na dalili zake zikishamdhihirikia mtu ni nadra mno kupona. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole, anayetokwa na mate na kupepesuka, asikaribiwe; wapashwe habari maofisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akadungwe sindano. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Mbwa aliyezoea kupigwa mawe hashikiki, na asiyeshikika hachanjiki. Kwa hiyo jiwe la mtoto wa leo huja kumdhuru mtoto wa kesho.

Yapo mambo mepesi tuwezayo kufanya. Mzazi amkataze mwanawe kutupa mawe, amfunze kusimama kimya mbwa anapomjia, asikimbie wala asimkodolee macho. Taka za nyama zifunikwe, kwani ndizo zinazowaita mbwa koko. Na mwenye kufuga mbwa wa ulinzi ampe maji, kivuli, nafasi ya kutembea na chanjo kila mwaka.

Hapana anayetaka mbwa aingie nyumbani wala akanyage msala. Linalotakiwa ni kumpisha apite kwa salama, na watoto wetu nao wapite kwa salama.