Kamera Ndogo Mkononi mwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Wapo wanaomcheka mwanafunzi anayekwenda nyanjani na kamera ndogo ya dijitali ilhali simu za siku hizi zinaipiku. Kicheko hicho hakina mashiko.

Ni kweli kwamba chombo hicho kina dosari tele. Canon PowerShot A75 ya mwaka 2004, kwa mfano, ina megapikseli 3.2 pekee. Kibapa chake cha kupokea nuru ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, hivyo giza linapoingia picha hujaa chenga. Tena, baina ya kubonyeza kitufe na kunaswa kwa picha hupita muda. Fanani aliyeinua mkono hupatikana ameshaushusha!

Lakini raha yake imo papo hapo. Anayeitumia hulazimika kuusoma utendaji: husikiliza mapigo ya hadithi, akakisia lini mkono utainuka, akabonyeza mapema. Wala hadhira haitishiki, kwa kuwa kijikamera hicho hakimkumbushi yeyote mwanahabari. (Kuomba idhini bado ni lazima.) Hutumia betri nne za kawaida za dukani, ingawa zile za bei nafuu hufa upesi.

Na picha yenyewe? Nukta 2048 kwa 1536 zatosha picha safi ya inchi 6 kwa 4, nayo yautosha ukurasa wa tasnifu. Mwenye simu hurudi na picha mia tatu za usiku mmoja, asijue ipi ilinaswa katika kisa kipi.