Mashine ya boti ya mitumba: pima kompresheni kabla ya kulipa

Mfanyabiashara wa Zuzu hapokei gunia la alizeti bila kulipandisha kwenye mizani. Mtu huyo huyo, akipelekewa mashine ya boti iliyotumika, anatoa fedha taslimu baada ya kuisikia ikinguruma dakika mbili ndani ya pipa la maji. Kwa maoni ya safu hii, hiyo si biashara bali ni bahati nasibu.

Msomaji atauliza: Zuzu haina ziwa, mashine ya boti inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ya Mtera. Bwawa hilo liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kando ya barabara ya Iringa, na mwenye akiba ndogo hapa mjini huona njia rahisi: anunue mashine chakavu, amkabidhi mvuvi, wagawane mapato. Wazo lenyewe si baya. Hasara huanzia siku ya kununua.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Miaka miwili iliyopita, mimi na shemeji zangu wawili tuliunganisha fedha za mauzo ya alizeti tukanunua mashine ya nguvu farasi 15, yenye silinda mbili. Rangi ilikuwa mpya. Baada ya wiki chache ilikuwa haiwaki mpaka mvuvi achoke mkono, na ikipata mzigo inapoteza nguvu huku ikinywa petroli. Fundi alipopima, silinda moja ilisoma 105 na ya pili 70. Kipimo kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tulikitafuta tukiwa tumeshalipa.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Washa mashine ikiwa ndani ya maji mpaka ipate moto. Usikubali kupima mashine ya baridi, kwani muuzaji mjanja huweza kumimina oili kwenye silinda, na oili hiyo hupandisha kipimo kwa muda. Zima, fungua plagi zote, chomoa kizimio cha usalama na uunge nyaya za plagi kwenye bodi ili cheche zisiwashe mvuke wa petroli. Funga geji kwenye tundu la plagi, fungua resi yote, vuta kamba mara tano au sita mpaka sindano isimame. Andika namba. Rudia silinda ya pili.

Hapa wengi hukosea. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Mashine iliyosoma 120 Dar es Salaam inaweza kusoma kama 105 hapa bila kuharibika chochote. Kwa hiyo usiikatae mashine kwa namba ya pwani, wala usimkubalie muuzaji anayesingizia mwinuko kwa kila upungufu. Mwinuko hushusha silinda zote kwa pamoja; hauchagui moja. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 15, kuna ugonjwa.

Ugonjwa huo una bei zake. Tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda sana, shuku ringi. Kama ringi zimenasa kwa masizi tu, dawa ya kuyeyusha masizi ikilala humo usiku kucha inaweza kuzifungua, na gharama ni ndogo. Namba isipopanda, shuku gasketi ya silinda hedi au pistoni iliyotoboka. Silinda iliyochanika kuta inahitaji kuchongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi pamoja na ringi mpya. Hapo ndipo mtaji wa mtu mdogo humezwa.

Kufufua mashine bila kuondoa chanzo ni kutupa fedha mara mbili. Kagua mpira wa pampu ya maji, maana mashine isiyopozwa hula pistoni. Changanya oili kwa kipimo cha kitabu cha mashine husika, si kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Baada ya matengenezo, saa za mwanzo iendeshwe taratibu.

Sasa hesabu ya biashara. Chukua bei ya mashine nzima ya aina hiyo, toa vipuri, toa ufundi, toa nauli ya kufuata vipuri, kisha toa siku ambazo boti itakaa ufukweni bila kuingiza senti. Kinachobaki ndiyo bei ya kuanzia mazungumzo. Muuzaji akiikataa, fedha yako bado iko mfukoni.

Ninashauri mambo mawili. Kwanza, wanaotaka kununua wachangiane geji moja. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na pistoni moja. Pili, namba za kila silinda ziandikwe kwenye hati ya mauziano, pamoja na tarehe na mahali zilipopimwa. Magunia tunayaandikia kilo zake, na mashine nayo iandikiwe. Muuzaji mkweli hatapoteza kitu, na anayekataa kupimiwa aachwe na mashine yake.